Hesabu ya Kisigino

Saa kumi na moja alfajiri wanapita mlangoni kwangu, Kirumba.
Nawasikia kabla hawajafika: raba ya Masalu inaburuza upande wa kushoto,
Nyanzobe anakohoa mara mbili kwenye kona ya mashine ya kusaga,
na yule kijana wa benki, ambaye jina lake sijalishika,
anapumua kama pasi ya mkaa inayopulizwa.
"Fundi Mbuke, umeamka?"
Nimeamka.
Nimekaa kitandani, mguu wa kulia ndani ya ndoo ya maji ya baridi,
na ninazima taa.

Niseme ukweli, kosa ni langu.
Miaka arobaini na tatu, watoto watatu, cherehani mbili,
nikajiona swala.
Kisigino kilianza kuninong'oneza mwezi wa pili, mteremko wa Isamilo,
nikakijibu kwa kukaza kamba.
Kikasema kwa sauti Pasiansi, nikakipaka dawa ya kuchua.
Jumapili ile, tukirudi kutoka Igombe,
ziwa limetandazwa kama kitambaa kisichokatwa bado,
kikapiga kelele.
Nikakaa juu ya jiwe, na mji huu hauna uhaba wa mawe,
nikapandishwa bodaboda na jasho langu.
Watu kumi na mmoja walinipa pole, mmoja alicheka.
Ninayemkumbuka sura ni huyo mmoja.

Lugiko, mtaalamu wa viungo pale Bugando,
alilibonyeza kano kwa kidole gumba
akaniuliza kazi yangu.
Nikamwambia.
"Basi mguu huu unakimbia kutwa nzima na wewe umekaa."
Sikuwa nimelifikiria hilo. Pedeli:
kisigino juu, kisigino chini,
sketi za shule mia mbili kila Januari,
kilomita ambazo sikuziandika popote.

Kwa sababu naandika. Nina daftari, nimelifunga kwa utepe wa kijani,
Desemba kumi na mbili, kumi na nane, ishirini na moja,
halafu Machi yote sufuri, sufuri, sufuri,
kama vifungo vilivyomwagika sakafuni
na hakuna anayeinama.

Sasa nasimama kwenye ukingo wa ngazi ya mlangoni,
nusu ya wayo hewani, mkono kwenye fremu.
Napanda. Nashuka.
Harufu ya dagaa inakuja kutoka Mwaloni, majirani wanapiga mswaki, wananitazama.
Arobaini na tano asubuhi, arobaini na tano jioni.
Nikipoteza idadi, naanza upya kwa maneno haya
niliyoyaunga mwenyewe:

     Panda wangu kisigino, teremka taratibu,
     Leo hatuna shindano, nilikwishakuadhibu,
     Si mbio ni mapatano, wewe nami tujaribu,
     Kano halina sindano, dawa yake ni hesabu.

Jana nilichukua futikamba nikapima.
Kila nikipanda, sentimita nane.
Mara tisini, mita saba na sentimita ishirini kwa siku.
Siku thelathini, mita mia mbili na kumi na sita.
Mlima mzima, na sijatoka mlangoni.
Nikaandika kwenye daftari kwa kalamu nyekundu.
Nikaona aibu, nikafuta.
Nikaandika tena.

Leo taa sikuizima.
Masalu alipunga mkono, Nyanzobe akakohoa,
na kijana wa benki akabaki nyuma, ameinama, anaminya goti.
"Linauma?"
"Kidogo tu, fundi. Litaachia lenyewe."
Akacheka, akawafuata wenzake, mguu mmoja ukichelewa
kama mkono wa shati ulioshonwa mfupi.
Nilitaka kumwita.
Jina silijui.

Nikarudi kwenye ngazi.
Kumi na saba.
Au kumi na nane.
Panda wangu kisigino.